Taya likilia, msikimbilie kusaga meno

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie imani inayowagharimu watu meno mazima. Imani yenyewe ni hii: taya likilia "tak" mbele ya sikio, basi meno hayakutani vizuri, na dawa ni kuyasaga kidogo, kuyavalisha kofia (ganda la bandia linalofunika jino zima) au kuyafunga vyuma hadi yakae sawa. Wanaoamini hivyo si wagonjwa peke yao, wamo pia watoa huduma ya meno. Ushahidi uliokusanywa kwa miongo mingi hauungi mkono jambo hili, na jino likishasagwa halioti tena pale liliposagwa.

Nianze na kiungo chenyewe, kwa sababu mtu akijua kinavyofanya kazi, mengi hujieleza. Weka vidole vya shahada mbele tu ya matundu ya masikio, kisha fungua na ufumbe kinywa polepole. Kinachosogea chini ya vidole ni vichwa viwili vya taya la chini, kimoja kila upande, kila kimoja kikiwa ndani ya kishimo cha mfupa wa panja. Mfupa haugusani na mfupa. Kati yake kuna kisahani cha gegedu yenye nyuzinyuzi, chembamba katikati, kama milimita 1, na kinene pembezoni, hasa ukingo wa nyuma ambao hufika milimita 3 hivi. Sehemu ya katikati ya kisahani haina mishipa ya damu wala ya fahamu, ndiyo maana hubeba mzigo wa kutafuna bila kuuma. Nyuma yake kuna tishu laini iliyojaa mishipa yote miwili, na hiyo ikibanwa huuma sana.

Kinywa kikianza kufunguka, kichwa cha taya huzunguka zaidi palepale kilipo. Baada ya milimita 20 hadi 25 huanza kuteleza mbele pamoja na kisahani chake, mpaka chini ya kilima cha mfupa kilicho mbele ya kishimo. Mtu mzima mwenye afya hufungua kati ya milimita 40 na 55, kipimo kikichukuliwa kutoka makali ya meno ya mbele ya juu hadi ya ya chini.

Mlio unaojulikana zaidi hutokea hivi. Kano zinazokishikilia kisahani zimelegea, na kisahani kimesogea mbele ya kichwa cha taya. Kinywa kikiwa kimefumbwa, kichwa kinakaa nyuma ya ule ukingo mnene. Mtu akifungua, kichwa huusukuma ukingo, kisha huuruka kwa ghafla na kutua kwenye sehemu nyembamba. Mruko huo ndio "tak". Wakati wa kufumba, kichwa hurudi nyuma na kutoka tena kwenye kisahani, mara nyingi meno yakiwa yamekaribia kukutana, na hapo husikika mlio wa pili ulio hafifu zaidi. Huu wa pili ndio unaowapotosha wengi. Kwa kuwa hutokea meno yakikaribia kugusana, mtu huona kama ni meno yaliyolia. Lakini ule wa kwanza, ulio mkubwa, hutokea meno yakiwa yameachana kwa milimita 10, 20 au zaidi, wakati hakuna jino linalogusa jino.

Ipo milio mingine miwili ambayo haifai kuchanganywa na huo. Mmoja ni mkwaruzo, sauti ndefu ya kusagika inayosikika katika mwendo wote wa taya. Huo huashiria kuwa nyuso za kiungo zimechakaa na hazina tena ulaini wake. Mwingine ni mdundo mzito unaokuja mwisho kabisa wa kufungua kinywa, mara nyingi pande zote mbili, na kidevu huonekana kama kimeruka. Hapo kichwa cha taya kinavuka kilima cha mfupa. Ni jambo la watu wenye viungo vilegevu wanaofungua kinywa kupita kiasi, na tiba yake kubwa ni kuacha kufungua hadi huko.

Je, kisahani kuhama ni ugonjwa? Picha za MRI (kipimo cha sumaku kinachoonyesha tishu laini) za watu waliojitolea, wasio na maumivu wala malalamiko yoyote ya taya, zimeonyesha kisahani kilichohama kwa takriban theluthi moja yao. Kwa wengi wenye mlio usio na maumivu, hali hubaki hivyohivyo miaka nenda miaka rudi. Wachache ndio hufikia hatua ya taya kukwama. Kwa hiyo mlio peke yake, bila maumivu, bila kukwama na bila kinywa kupungua upana wake, hauhitaji tiba. Unahitaji maelezo tu, na maelezo hayo mgonjwa anastahili kuyapata bila kuharakishwa.

Imani kuhusu mng'ato, yaani namna meno ya juu na ya chini yanavyokutana, ina historia. Mwaka 1934 daktari wa masikio, pua na koo wa Marekani, James Costen, alieleza kundi dogo la wagonjwa wenye maumivu ya sikio, kelele masikioni na kizunguzungu. Alidhani kwamba kukosa meno ya nyuma kunaliacha taya lifumbe kupita kiasi, kichwa chake kikarudi nyuma na kubana mishipa iliyo karibu na sikio. Dawa yake ilikuwa kuinua mng'ato. Wataalamu wa maumbile ya mwili walikuja kuonyesha kwamba mibano aliyoieleza haipatani na jinsi sehemu hizo zilivyopangika. Hata hivyo wazo lilikuwa limeshaota mizizi: taya likisumbua, tazama meno. Vizazi vya madaktari wa meno vikafundishwa kutafuta jino linalogusa kabla ya mengine, kulipaka alama kwa karatasi ya rangi na kulisaga.

Dai hili limepimwa kwa njia ya moja kwa moja kabisa, nayo ni kuuharibu mng'ato kwa makusudi. Watafiti walibandika kipande chembamba cha dhahabu juu ya gego la watu wasio na tatizo la taya, ili meno yagongane hapo kwanza. Kama nadharia ingekuwa sahihi, misuli ya kutafunia ingekaza zaidi na kiungo kingeanza kulalamika. Kilichotokea ni kwamba misuli ilipunguza kazi yake, na watu wakazoea baada ya siku chache bila kupata dalili za ugonjwa wa kiungo. Majaribio mengine ya aina hiyo yaliwahusisha watu waliowahi kuugua taya, na hao walisumbuka zaidi kuliko wenzao. Kwangu mimi hilo ndilo somo kubwa: mwenye taya lenye historia ya maumivu ndiye wa mwisho anayepaswa kubadilishiwa mng'ato, kwa sababu ndiye anayezoea kwa shida zaidi.

Sisemi kwamba meno hayahusiki kamwe. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 1993 ulipima vipengele 11 vya mng'ato kwa pamoja, na vichache vilionekana kuambatana na matatizo ya taya: meno ya mbele yasiyokutana wakati magego yamekutana, meno ya juu yaliyotokeza mbele ya ya chini kwa zaidi ya milimita 6, meno ya nyuma ya upande mmoja kukutana kinyume, ya juu yakiingia ndani ya ya chini, na kukosa meno matano au zaidi ya nyuma. Hata hivyo mchango wa mng'ato wote kwa ujumla ulikuwa mdogo, na baadhi ya vipengele hivyo, hasa meno ya mbele kutokutana, vinaweza kuwa matokeo ya kiungo kilichoharibika na si chanzo chake. Kuambatana si kusababisha. Na katika vigezo vya kimataifa vya kutambua magonjwa ya taya vilivyochapishwa mwaka 2014, ambavyo ndivyo vinavyotumika leo katika tafiti na kliniki nyingi, mpangilio wa meno si kigezo cha kumtambulisha mtu kuwa na ugonjwa wa kiungo. Vinaangaliwa maumivu, upana wa kufungua na milio inayosikika au kuguswa mtu akirudia mwendo mara tatu.

Hapa ndipo ninapoomba wasomaji, na zaidi wenzangu wa kazi, wapunguze mwendo wasome taratibu. Uhusiano wa mng'ato na kiungo upo, lakini mara nyingi unakwenda kinyume na inavyodhaniwa: kiungo ndicho kinachobadilisha mng'ato.

Kiungo kikivimba, maji yanayojaa ndani hukisukuma kichwa cha taya chini. Mgonjwa huja akisema magego ya upande unaouma hayakutani tena, na kidevu kimesogea kidogo upande mwingine. Msuli mdogo wa ndani unaovuta kichwa cha taya mbele ukikaza, matokeo hufanana: magego ya upande huo huachana na meno ya mbele ya upande wa pili hugongana kwanza. Kiungo kikichakaa na kichwa kikapungua urefu, mambo hugeuka: kidevu huvutwa kuelekea upande mgonjwa, meno ya upande huo hukutana mapema, na ya upande wa pili hubaki wazi. Vichwa vyote viwili vikipungua, magego hukutana kwanza na meno ya mbele huachana, mwanya ukiongezeka mwezi baada ya mwezi.

Fikiria sasa mtoa huduma anayekutana na kiungo kilichovimba na kuona meno ya upande wa pili "yamezidi". Anayasaga hadi pande zote zikutane. Baada ya siku chache au wiki mbili uvimbe unashuka, kichwa cha taya kinarudi mahali pake, na sasa yale meno yaliyosagwa ndiyo hayafiki. Mgonjwa anarudi, anasagwa upande mwingine. Kila mzunguko unakula gamba gumu la jino, ambalo hata kwenye vilele vya gego halizidi sana milimita 2, na chini yake ipo sehemu laini inayohisi baridi, moto na utamu. Kinachofuata ni meno kuuma kwa baridi na moto, kisha kofia, kisha mng'ato mpya kabisa uliojengwa juu ya kiungo ambacho bado ni kigonjwa.

Kuna madhara mengine yasiyoonekana kwa macho. Meno ya asili yanaweza kuhisi kitu chenye unene wa takriban mikroni 20 kati yake, pungufu ya unywele. Mtu akianza kuelekezwa akilini kwamba chanzo cha mateso yake ni jino fulani kugusa vibaya, huanza kulichunguza usiku na mchana, analigongesha, analitafuta kwa ulimi. Tangu miaka ya 1970 imeandikwa kuhusu wagonjwa ambao baada ya matengenezo ya meno hawapati tena pa kuyakutanisha pakawaridhisha, ingawa vipimo vyote ni vya kawaida. Kila marekebisho huzidisha hali hiyo. Ni mateso ya kweli, na njia ya kuyaepuka ni kutoyaanzisha.

Kusaga kuna mahali pake halali. Jino likizibwa leo na kesho yake likawa linagonga kabla ya mengine, linauma ukiuma chakula na linahisi baridi, kujaza huko kumekaa juu na kunapaswa kupunguzwa mara moja. Hapo kinachosagwa ni kile kilichoongezwa, si jino lako. Kofia mpya na meno ya bandia mapya yana sheria hiyohiyo. Vivyo hivyo vyuma vya meno: vina sababu zake nzuri za kutafuna, kusafisha na kuonekana, na anayevitaka kwa sababu hizo avivae. Asivivae kwa ahadi kwamba mlio utaisha, wala asiviogope kwa madai kwamba vitamletea mlio. Tafiti za kufuatilia watu kwa muda mrefu hazikuonyesha kwamba vinaleta wala kwamba vinazuia. Na aliyekosa magego ya mwisho asitishwe kuwa lazima ayajaze ili kulinda taya. Watu wengi wenye meno ya mbele na magego madogo tu hutafuna vizuri na viungo vyao havina tofauti na vya wengine.

Msomaji mwenye mlio anaweza kujikagua nyumbani kwa rula na kioo. Fungua kinywa uwezavyo bila kulazimisha, pima makali kwa makali. Ukifika milimita 40 au vidole vitatu vyako mwenyewe vikipita vikiwa vimesimama, upana ni mzuri. Kisha tazama njia ya kidevu. Kikienda upande kidogo halafu kikarudi katikati baada ya "tak", kisahani kinarudishwa mahali pake kila unapofungua. Kikienda upande mmoja na kubaki huko, bila mlio, na upana ukiwa chini ya milimita 35, inawezekana kisahani kimekwama mbele na kinazuia njia.

Kuna jaribio la ziada ambalo huwashangaza wengi. Fungua kinywa hadi mlio utokee. Sasa fumba, lakini usirudi nyuma kabisa: leta taya mbele, makali ya meno ya chini yakutane na makali ya meno ya juu. Ukiwa hapo fungua na ufumbe mara kadhaa ukirudi makali kwa makali kila mara. Mlio ukitoweka, ni ule wa kisahani, kwa sababu kichwa cha taya hakirudi nyuma vya kutosha kukiacha. Huu ni utambuzi tu. Usijizoeze kukaa hivyo siku nzima, na nitaeleza kwa nini.

Wapo watoa huduma waliolifanya jaribio hilo kuwa tiba. Humtengenezea mgonjwa bamba la plastiki linalolishikilia taya mbele saa 24, mlio unakoma, mgonjwa anafurahi. Baada ya miezi, misuli na meno vimezoea mahali papya, na taya likirudi nyuma kidogo magego hayakutani tena. Hapo ndipo huanza safari ya kofia nyingi au vyuma ili kuyakutanisha. Na mara nyingi mlio hurudi. Bamba la namna hii lina matumizi machache ya muda mfupi, usiku tu, kwa mtu anayekwama asubuhi, chini ya uangalizi wa karibu.

Bamba linalofaa kwa walio wengi wenye maumivu au wanaosaga meno usingizini ni la kawaida zaidi. Liwe la akriliki ngumu, lifunike meno yote ya taya moja bila kuruka hata la mwisho, liwe na unene wa milimita 2 hivi nyuma, na meno yote ya taya la pili yaliguse kwa pamoja. Livaliwe wakati wa kulala tu. Lirudiwe kukaguliwa baada ya wiki moja au mbili, kwa maana misuli ikilegea migusano hubadilika na bamba huhitaji kusawazishwa; likisagwa bamba, hakuna hasara. Asubuhi ukilivua, meno kuhisi tofauti kwa dakika chache ni kawaida. Yakihisi tofauti hadi mchana, acha kulivaa na urudi. Epuka vibamba vidogo vinavyofunika meno ya mbele pekee kwa matumizi ya muda mrefu, kwa sababu meno yasiyofunikwa huendelea kuota taratibu na hatimaye ya mbele hayakutani. Yale ya plastiki laini ya kuchemsha na kung'ata nyumbani yanaweza kusaidia kwa muda mfupi, ila baadhi ya watu huyatafuna na misuli huchoka zaidi. Tena bamba halirudishi kisahani. Hupunguza mzigo. Mlio unaweza kubaki na maumivu yakaisha, na hayo ni mafanikio kamili.

Kabla ya bamba kuna mambo yasiyohitaji fundi. Kubwa kuliko yote ni kuacha kukutanisha meno bila sababu. Kwa siku nzima, ukijumlisha kutafuna na kumeza, meno yanapaswa kugusana kwa dakika 20 tu hivi. Muda mwingine wote midomo imefumbwa, meno yameachana kwa milimita 2 hadi 4, na ncha ya ulimi imetulia kwenye paa la kinywa nyuma ya meno ya mbele. Watu wengi wanaokaza meno wakiandika, wakiendesha gari au wakitazama simu hawajui kabisa kwamba wanafanya hivyo. Bandika alama ndogo mahali unapotazama mara kwa mara, na kila ukiiona jiulize meno yako yako wapi.

Kwa wiki mbili hadi tatu za maumivu, kula vyakula laini vilivyokatwa vidogo, tafuna pande zote mbili, acha ubani wa kutafuna, kucha na kofia za kalamu. Ukipiga miayo, weka ngumi chini ya kidevu ili kinywa kisifunguke hadi mwisho. Kitambaa cha uvuguvugu chenye unyevu kwa dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa siku, hulegeza misuli; kwa jeraha jipya, siku mbili za mwanzo tumia baridi kwa dakika 10. Dawa za kupunguza uvimbe kama ibuprofeni husaidia kwa siku chache kwa asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala ujauzito. Zoezi moja rahisi: gandisha ncha ya ulimi juu kwenye paa la kinywa, fungua polepole hadi ulimi unapotaka kuachia, fumba. Rudia mara 6, na ufanye hivyo mara 6 kwa siku. Kusudi lake ni kufundisha taya kuzunguka bila kukimbilia mbele. Usifanye zoezi la kutafuta mlio. Kuutoa mlio kwa makusudi ili kuona kama bado upo kunazidi kukichosha kiungo.

Picha pia zisiagizwe kwa mazoea. Eksirei pana ya mataya huonyesha mifupa, haionyeshi kisahani. MRI hukionyesha, lakini kama nilivyosema hukionyesha kimehama hata kwa wasioumwa, hivyo picha isiyobadilisha uamuzi wa tiba haina kazi.

Dalili zinazotaka daktari bila kuchelewa ni hizi. Mlio uliokuwepo muda mrefu unakoma ghafla na kinywa kinafunguka milimita 25 au 30 tu: kisahani kimekwama, na siku na wiki za mwanzo ndizo bora za kusaidiwa, kwa daktari kulivuta taya kwa mkono au, ikishindikana, kukiosha kiungo kwa sindano mbili, njia iliyoelezwa mwaka 1991. Usijilazimishe kufungua mwenyewe. Kinywa kimebaki wazi na hakifumbi: nenda hospitali. Mng'ato unaobadilika bila jino lolote kuguswa: kiungo kinahitaji kuchunguzwa, si meno. Mtoto ambaye kidevu chake kinarudi nyuma au kuelekea upande mmoja huku kinywa kikipungua upana, hata kama haumwi, achunguzwe ugonjwa wa baridi yabisi ya utotoni, ambao huweza kula kiungo hiki kimyakimya. Mtu mwenye zaidi ya miaka 50 anayechoka taya akitafuna, ana maumivu mapya ya panja na macho yanamfifia, huyo ni wa dharura siku hiyohiyo, kwa sababu mishipa ya damu iliyovimba inaweza kumpofusha. Na maumivu ya taya yanayokuja ukitembea au kupanda ngazi na kuondoka ukipumzika ni ya moyo mpaka ithibitishwe vingine.

Msimamo wa vyombo vikubwa vya taaluma haujifichi. Mkutano ulioitishwa mwaka 1996 na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, na tamko la mwaka 2010 la chama cha watafiti wa meno wa nchi hiyo, vyote vilisisitiza tiba zinazoweza kurudishwa nyuma zitangulie. Kusaga, kofia na upasuaji havirudi nyuma. Katika miaka ya 1980 wagonjwa wengi waliwekewa vipandikizi vya Teflon mahali pa kisahani. Vilimeguka ndani ya kiungo, mwili ukavishambulia na mifupa ikaliwa, vikaondolewa sokoni. Waliobeba gharama ya pupa ile bado wapo.

Kwa hiyo, ukiambiwa kwamba meno yako yasagwe au yavalishwe kofia kwa sababu taya linalia, uliza kabla ya kufungua kinywa: Utambuzi wa kiungo changu ni upi, na umefikiwa kwa vipimo gani? Kuna maumivu au kukwama unakotibu, au ni mlio tu? Kiungo kimevimba leo? Tumejaribu nini kinachoweza kurudishwa, na kwa muda gani? Na kama bado unashauriwa kubadilisha mng'ato, omba kwanza nakala ya meno yako yalivyo sasa, ya plasta au ya kidijitali, ibaki mikononi mwako, kisha upate maoni ya daktari wa pili asiyemjua wa kwanza.

Wako,
Daktari wa kinywa na meno